Kuandika Kumbukumbu za Maisha Yako: Mbinu za Fasihi Zikifanya Kazi, Hatua kwa Hatua

Aliyefanya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, anazikumbuka: kisengere nyuma, taharuki, kinaya, taswira, usemi halisi. Swali la Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi, lilikuwa "tambua mbinu", ukatambua, ukapewa alama mbili. Shida huja siku mtu huyo anapoketi kuandika utoto wake wa Kisumu au Nakuru. Anaanza na "Nilizaliwa mwaka wa...", anajaza kurasa thelathini, kisha akisoma anaona ameandika ripoti. Mbinu alizifundishwa kama vitu vya kuokota kwenye kazi ya mwingine. Hakuna aliyemwambia kila moja hutumika wakati gani, na ikitumiwa vibaya huharibu nini.

Mwongozo huu unazipanga kwa utaratibu wa kazi yenyewe. Uzi unaopita ndani yake ni mmoja: katika kila kumbukumbu, kiambishi "ni-" kinabeba watu wawili. Kuna aliyeishi tukio, labda mtoto wa miaka tisa, na kuna anayelisimulia leo akiwa na miaka hamsini. Tutawaita nafsi iliyotenda na nafsi inayosimulia. Karibu kila mbinu unayoijua ni njia ya kuwasogeza hao wawili karibu au kuwatenganisha.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Msichana wa miaka tisa wa Nyalenda, Kisumu, anapelekwa Nakuru kuishi na shangazi yake mtaa wa Bondeni. Ni mwaka 1984, mwaka wa ukame na unga wa mahindi ya manjano. Anasafiri na babake kwa treni ya usiku.

Hatua ya 1: Kata kipande

Tawasifu hufuata maisha yote, tangu kuzaliwa hadi leo. Wasifu ni maisha ya mtu mwingine. Kumbukumbu huchukua kipande kimoja tu na kukichimba, na ndiyo tunayokushauri uanze nayo, hata kama ndoto yako ni kitabu kizima.

Kipande hakikatwi kwa tarehe bali kwa swali. Andika sentensi moja inayoanza "Nataka kujua kwa nini..." Kwa mfano wetu: "Nataka kujua kwa nini nilipelekwa mimi, si dada yangu." Sentensi hiyo ikishasimama, utajua cha kuacha. Ugomvi wa shamba wa mwaka 1990 hauingii, hata uwe mtamu vipi. Kwa kazi ya kwanza lenga maneno 2,500 hadi 4,000, yaani kurasa kumi hadi kumi na tano za A4 zenye nafasi mbili kati ya mistari. Ukijikuta unahitaji kueleza babu zako walikotoka kabla msichana hajapanda treni, kipande ni kipana mno, kikate tena.

Hatua ya 2: Kusanya, kisha pima

Chukua daftari la kawaida, gawa kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza: ninayokumbuka mwenyewe. Ya pili: niliyoambiwa. Ya tatu: yanayoweza kuthibitishwa. Safu ya pili ndiyo inayowashangaza wengi, maana kisa kilichosimuliwa kila matanga na kila harusi hugeuka "kumbukumbu" ya mtu ambaye siku hiyo hakuwepo, au alikuwa mgongoni mwa mama.

Kwa safu ya tatu, tumia matukio ya nchi kama nanga za tarehe. Mzee Kenyatta alifariki Jumanne, tarehe 22 Agosti 1978. Jaribio la mapinduzi lilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1985, na ya mwisho mwaka 2023. Ukisema ulifanya KCPE mwaka uleule wa treni, 1984, kuna tarehe moja imeteleza. Ratibu umri wako mbele ya kila nanga na utajua ulikuwa darasa la ngapi.

Kisha pima mazingira, kwa sababu humo ndimo makosa hujificha. Msichana wetu akumbuke ziwa limefunikwa gugumaji? Upande wa Kenya gugu hilo lilionekana karibu mwaka 1990. Pikipiki ya bodaboda iliwapeleka stesheni? Hapana, si mwaka huo. Au anasema baridi ilianza kumtafuna Miwani. Miwani iko kwenye uwanda wa Kano, karibu na Kisumu yenyewe iliyo mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko usiku si wa kutetemesha. Reli hupita Chemelil, Muhoroni, Koru na Fort Ternan, ikapanda hadi Londiani na Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, ndipo iteremke kupitia Molo, Elburgon na Njoro. Baridi ya kweli ni ya huko juu.

Ukigundua kosa, usilifute kimyakimya. Mara nyingi kosa lina habari zaidi ya usahihi. Mpe nafsi inayosimulia nafasi: "Nakumbuka nikitetemeka Miwani. Miwani hakuna baridi. Kilichonitetemesha hapo lazima kiwe kitu kingine." Hapo msomaji amepewa ukweli wa ramani na ukweli wa mtoto kwa pamoja.

Hatua ya 3: Tenganisha nafsi mbili

Chagua dakika moja muhimu. Iandike mara mbili, maneno kama 200 kila mara.

Mara ya kwanza, nafsi iliyotenda peke yake: "Muhoroni baba alinunua mandazi mawili dirishani. Moja akanipa. La pili akalifunga kwa gazeti, akalitia mfukoni, akasema ni la shangazi."

Mara ya pili, nafsi inayosimulia: "Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mama wa watoto watatu, nikifunga langu kwa gazeti."

Sasa ziweke pamoja, mstari wa mtoto kwanza, wa mtu mzima baadaye, au acha kabisa ule wa pili. Ukiuacha unapata kinaya: msomaji anaona njaa ya baba, mtoto haioni. Ni kinaya safi kuliko chote utakachotunga, na hakihitaji hata neno moja la kukieleza. Ukiuweka unapata tafakuri. Mbinu zote mbili ni halali. Uamuzi ni wako kwa kila dakika, lakini usifanye zote mbili mahali pamoja, yaani kumwacha msomaji aone halafu umweleze alichoona.

Kosa la kawaida ni kumvika mtoto maneno ya mtu mzima: "Nilitambua kwamba hali ya uchumi wa familia yetu ilikuwa imezorota." Mtoto wa miaka tisa hatambui hivyo. Anaona sukari imehamishiwa kabatini na ufunguo uko kwa mama. Kila neno ambalo mtoto asingeweza kulitamka ni la nafsi inayosimulia, na msomaji ajulishwe kwamba ndiye anayesema. Kosa la pili ni kinyume chake: mtu mzima hatokei kabisa, tukabaki na mtoto anayetaja vitu bila mtu wa kujiuliza vina maana gani. Kwa onyesho la kurasa mbili, sentensi tatu hadi tano za tafakuri zinatosha.

Wapo wanaoandika sehemu zinazouma kwa nafsi ya tatu, "msichana yule", ili wapate pumzi. Hufaa kwa aya chache. Ikizidi, msomaji ataanza kuuliza kwa nini unajikimbia.

Hatua ya 4: Onyesho, muhtasari, na viambishi vya wakati

Hapa ndipo Kiswahili kinampa mwandishi zana nzuri ambazo wengi huziacha chini.

Onyesho ni tukio moja, mahali pamoja, wakati mmoja, watu wakitenda na kusema. Muhtasari hufupisha wiki au miaka kwa mistari michache. Kumbukumbu nyingi hufa kwa sababu zote ni muhtasari, na ugonjwa wenyewe unaonekana kwenye vitenzi:

"Kila jioni tulikuwa tukienda bombani. Mama alikuwa akianika omena. Baba alikuwa akirudi amechoka."

Sarufi haina kosa. Lakini "alikuwa aki-", sawa na "hu-", hutaja mazoea, na katika mazoea hakuna linalotokea. Msomaji anasubiri jioni moja. Mpe:

"Jioni moja baba alirudi mapema. Akasimama mlangoni, akavua kofia, akaitundika, akaiondoa tena. Mama hakuuliza."

Hapa "-li-" imefungua mlango wa tukio, "-ka-" ikalisukuma mbele, na "hakuuliza" ikasimamisha kila kitu. Zingatia kipande hicho cha mwisho. "-ka-" zikifuatana zaidi ya tano au sita, sauti hugeuka ya ngano za sungura na fisi. Zivunje kwa kitenzi cha kukanusha, kwa maneno ya mtu, au kwa sentensi isiyo na kitenzi.

"-me-" nayo ni ya picha iliyosimama: "Mama amesimama mlangoni, amejifunga leso mbili, ameshika karai tupu." Itumie panapohitajika kumtazama mtu kabla hajatenda lolote. "-na-" huleta tukio mbele ya macho na kumtia msomaji ndani ya mtoto, ila humfungia nje msimulizi: ukisema "treni inang'oka", huwezi katika sentensi hiyohiyo kusema ulichokielewa miaka thelathini baadaye. Ukiingia "-na-", kaa humo hadi onyesho liishe, kisha rudi "-li-" kwa aya mpya.

Na kuna "kumbe". Neno hili peke yake hufanya kazi ya aya nzima ya tafakuri, kwa sababu hukutanisha aliyekuwa hajui na anayejua sasa. "Kumbe mandazi hayo hayakuwa ya shangazi." Lakini moja au mbili katika kazi nzima. Zikifika kumi, msomaji anaona mtu asiyewahi kujua lolote.

Kuamua lipi liwe onyesho, jiuliza: baada ya tukio hili, kuna kitu ambacho hakikurudi kama kilivyokuwa? Kama kipo, onyesha. Kama hakipo, fupisha. Katika maneno 3,000 weka maonyesho matatu hadi matano, kila moja maneno 400 hadi 600. Kwa mfano wetu: jioni ya kofia, stesheni ya Kisumu, mandazi ya Muhoroni, mlango wa shangazi alfajiri. Mwaka mzima wa shule uliofuata unaweza kukaa kwenye aya mbili.

Hatua ya 5: Panga wakati

Kuanza katikati ya tukio, kwa mfano tayari mko stesheni, kunafaa kwa sababu msomaji anapata jambo la kusubiri. Ndipo kisengere nyuma, yaani kurudi kusimulia yaliyotangulia, kinaruhusiwa. Kukitumia kabla msomaji hajashikwa ni kumrudisha nyuma mtu ambaye hajaanza safari.

Kiingilie kupitia kitu kinachoonekana au kusikika: sanduku la bati ambalo msichana amelikalia, lililokuwa la mama alipoolewa. Kitenzi cha kwanza kiwe "alikuwa amelinunua" ili msomaji ajue tumerudi nyuma, kisha endelea kwa "-li-" ya kawaida. Ukiburuta "alikuwa ame-" ukurasa mzima utamchosha. Toka kwa kurudi kwenye kitu kilekile, sanduku likiinuliwa kuingizwa behewani. Aya moja hadi tatu. Kisengere nyuma ndani ya kisengere nyuma ni njia ya uhakika ya kumpoteza msomaji, na hakuna ujanja wa kuiokoa.

Kisengere mbele, yaani kudokeza yatakayotokea, kina uraibu wake: "Sikujua kwamba ile ndiyo ingekuwa mara ya mwisho..." Mara moja, sawa. Wengi hufunga kila sura kwa sentensi hiyo. Taharuki ya kumbukumbu haiwezi kutoka kwenye matokeo, kwa sababu msomaji anajua ulinusurika, ndio maana unaandika. Hutoka kwenye kwa nini na kwa vipi. Mwambie mapema kwamba msichana alikaa Nakuru miaka sita. Sasa atasoma akitafuta sababu.

Hatua ya 6: Taswira na tamathali

Kwa kila onyesho, orodhesha hisi tano kisha ufute tatu. Zibaki mbili ambazo ni za mahali hapo tu. Harufu ya omena inayoanikwa Dunga ni ya Kisumu; "upepo mwanana" ni wa kila insha ya darasa la saba. Vumbi la Nakuru kwenye meno, moshi wa treni kwenye kola ya sare: hizo zinatosha kumpeleka msomaji. Lakini moshi nao upime: kama mwaka huo injini ilikuwa ya dizeli, harufu yake si ya makaa.

Tashbihi na mafumbo yaliyozoeleka yatoke yote, "machozi njia mbili mbili" na "giza la kaburi" zikiwamo. Methali pia. Zoea la kufungua aya kwa "Wahenga walisema" tulifundishwa shuleni ili tupate alama za mtindo. Katika kumbukumbu, methali iwe mdomoni mwa mtu aliyeisema, siku aliyoisema, na ikiwezekana aliisema vibaya.

Ishara haitengenezwi, huachwa. Kile kipande cha gazeti kilichofunga mandazi kikitokea mara ya pili, labda shangazi akikikunjua mezani, na mara ya tatu mwishoni, msomaji atajua ni ishara. Usikitolee maelezo hata kidogo.

Hatua ya 7: Maneno ya watu

Hakuna anayekumbuka mazungumzo ya miaka arobaini neno kwa neno, na msomaji anajua hivyo. Kwa hiyo panga ngazi. Maneno machache unayoyakumbuka hasa, kwa kawaida sentensi moja ya mtu mmoja, yawe usemi halisi ndani ya alama za kunukuu. Unapokumbuka maana tu, tumia usemi wa taarifa: "Baba alisema Nakuru kuna shule nzuri." Usipokumbuka hata maana, sema: "Maneno yenyewe yamenitoka, lakini mama alikuwa akifagia mahali palipokwisha fagiwa." Sentensi kama hii hujenga imani kuliko ukurasa wa mazungumzo yaliyobuniwa. Panapohitajika mazungumzo, mabadilishano manne hadi sita yanatosha. Watu wazima wa kweli hawajibizani kwa hotuba.

Kuchanganya ndimi ni suala la kila siku magharibi mwa Kenya: Kidholuo au Kiluhya nyumbani, Kiswahili mtaani, Kiingereza darasani. Usitafsiri kila kitu na usiweke faharasa. Acha neno moja au mawili pale ambapo muktadha unayabeba, hasa ya kuitana. Msichana akimwita shangazi "waya", kwa Kidholuo, mbele ya babake, kisha wiki ya pili Nakuru akamwita "Aunty" kama watoto wa jirani, umesimulia kuhama bila kueleza. Sheng nayo ina tarehe. Neno la leo mdomoni mwa kijana wa 1984 ni gugumaji lingine.

Hatua ya 8: Watu walio hai

Kubadilisha jina hakutoshi kama kijiji kizima kitamjua mtu kwa kazi yake, kilema chake na duka lake. Badilisha pia alama hizo, na useme mwanzoni kwamba umefanya hivyo. Ukiunganisha walimu watatu kuwa mmoja, sema pia.

Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36, inampa aliyeharibiwa jina haki ya kushtaki, na muda wa kufungua kesi ni miezi kumi na miwili. Ukweli ni utetezi, lakini ni ukweli unaoweza kuuthibitisha, ndiyo sababu ile safu ya tatu ya daftari isitupwe. Hali ya mtu ya virusi vya UKIMWI usiitaje bila idhini yake; kuna sheria ya mwaka 2006 inayokataza. Barua uliyoandikiwa ni yako kama karatasi, lakini hakimiliki ya maneno ni ya aliyeandika, na huendelea kwa warithi wake miaka 50 baada ya kifo. Eleza ilichosema, au omba ruhusa ya kuinukuu.

Hatua ya 9: Hariri kwa mizunguko

Acha rasimu wiki mbili. Kisha usijaribu kurekebisha yote kwa mpigo.

Mzunguko wa kwanza, andika pembeni mwa kila aya herufi moja: O kwa onyesho, M kwa muhtasari, T kwa tafakuri. M nne zikifuatana, msomaji amelala. T mbili zikifuatana, unahubiri. Mzunguko wa pili, zungushia kila "nilihisi", "niliona" na "nilisikia", halafu uondoe nyingi: "Nilisikia treni ikipiga honi" ni "Treni ilipiga honi", kwa kuwa anayesikia tunamjua. Mzunguko wa tatu ni wa "alikuwa aki-" peke yake. Wa nne, soma kwa sauti. Maneno 3,000 ni kama dakika 25, na pale ulimi unapojikwaa mara mbili, kosa ni la sentensi.

Angalia mwisho kwa makini zaidi. Aya ya mwisho ya rasimu nyingi inaeleza somo ambalo maisha yalimfunza mwandishi. Ifute uone. Mara tisa kwa kumi hadithi ilikuwa imekwisha aya moja au mbili kabla, kwenye tendo.

Ndipo utoe nakala kwa wasomaji wawili: mmoja aliyekuwepo nyumbani nyakati hizo, mmoja asiyeijua familia yenu kabisa. Usiwaulize kama ni nzuri, watakudanganya kwa upendo. Asiyewajua muulize alichoka ukurasa gani na nani alimchanganya. Aliyekuwepo muulize ni nini hakikutokea hivyo. Dada akisema baba hakununua mandazi bali miwa, na haikuwa Muhoroni bali Chemelil, usigombane naye na usibadilishe mara moja. Rudi kwenye safu zako tatu. Kama hakuna ushahidi wa upande wowote, andika toleo lako, kisha mpe dada sentensi yake ndani ya hadithi: "Dada yangu anasema ilikuwa miwa, na yeye hakuwa kwenye treni."